Kopo la Nne

Kila siku ya shule Apolonia alitoka nyumbani kabla jua halijavuka ua wa minyaa. Begani alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye daftari zake, na mkononi kidumu cha maji cha lita tano, kwa sababu shule yao haikuwa na kisima na kila mwanafunzi alitakiwa kuja na maji yake. Njia ilimpitisha kwenye lambo, mahali ng'ombe wa upande ule wa Kasoli waliponyweshwa, kisha kando ya bustani ya Bibi Milembe.

"Mwangaluka, mayu," Apolonia alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Mama yako kaamka salama?"

"Kaamka salama."

Bibi Milembe hakuwa bibi yake wa damu. Alikuwa jirani, mjane mwenye goti bovu na sauti kavu, na bustani yake haikuzidi ukubwa wa darasa moja. Lakini hakuna nyumba katika kitongoji kile ambayo haikuijua. Kiangazi kilipokausha kila kitu mpaka ardhi ikapasuka, hapo kando ya lambo palibaki unyevu, na Bibi Milembe alipatumia kutunza marando ya viazi vitamu. Mvua za kwanza zikinyesha, akina mama walimjia mmoja mmoja, naye aliwakatia kila mmoja furushi lake la kupanda kwenye matuta. Bila marando hayo hapakuwa na viazi, na bila viazi hapakuwa na michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, ya kuweka akiba kwa miezi ya njaa.

Ilikuwa mwaka 1996, wakati Bariadi ingali wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Miaka ya nyuma pamba yote ilinunuliwa na chama cha ushirika. Sasa serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi, na kila msimu yalikuja makampuni mapya na malori yao, kila moja likitaka kuifikia pamba ya wakulima kabla ya jingine. Malori yalikimbia barabara ya vumbi kama yanafukuzwa.

Mwishoni mwa mwezi wa saba, lori moja lilikuja mbio kwenye kona ya lambo. Lilikuwa limebeba mapipa ya dizeli ya jenereta. Gurudumu la nyuma lilitoka barabarani, lori likalala upande, na pipa moja likaangukia mawe na kupasuka. Dereva alitoka mzima. Dizeli yote ikateremka taratibu, ikaingia bustanini kwa Bibi Milembe na kunywewa na udongo.

Mtu wa kampuni alikuja kesho yake, akasema pole, akaahidi kurudi. Hakurudi. Msimu ulipokwisha ghala lao lilifungwa, na barua za mtendaji wa kijiji hazikujibiwa.

Ndani ya siku chache majani ya marando yaligeuka rangi ya tumbaku. Bibi Milembe aliwahi kuokoa yale yaliyokuwa kwenye kona ya juu, ambako dizeli haikufika. Aliyahamishia nyumbani kwake, akayapanda kwenye makarai mabovu, kwenye sufuria lililotoboka, hata kwenye tairi kuukuu. Tangu siku hiyo akawa anapanda kutoka lamboni na ndoo kichwani, mara nne au tano kwa siku, akichechemea.

Darasa la sita, alimosoma Apolonia, walifundishwa sayansi na Mwalimu Machibya. Alikuwa mwembamba, mpole, na alipenda kusoma chochote kilichochapishwa, hata karatasi iliyofungiwa sukari. Jumatatu moja aliingia darasani na gazeti la zamani alilopewa parokiani. Lilikuwa la Kiingereza, na jalada lake lilikuwa limeng'oka. Akalifungua mahali penye picha nyeusi yenye doa la mwanga katikati.

"Nani amewahi kuona bahari?" aliuliza.

Hakuna aliyenyoosha kidole.

"Nani ameona ziwa, kule Lamadi?"

Jenipha, rafiki yake Apolonia, alinyoosha. Shangazi yake alikuwa mfanyabiashara wa dagaa huko.

"Vizuri. Ziwa letu ni kubwa, lakini kina chake ni kidogo ukilinganisha na bahari. Hapa palipopigwa picha ni chini kabisa baharini. Chukueni umbali wa kutoka shuleni hapa mpaka mnadani, halafu muuelekeze chini. Huko jua halifiki. Maji ni ya baridi kali. Na katika sehemu nyingine, mafuta yanavuja yenyewe kutoka kwenye miamba, mwaka hadi mwaka, tangu kabla ya binadamu kuwapo."

"Basi bahari imejaa mafuta?" Jenipha aliuliza.

"Hilo ndilo swali walilojiuliza wataalamu. Mbona haijajaa? Wakachota tope la huko chini, wakalitazama kwa hadubini. Wakakuta viumbe vidogo mno, bakteria, maelfu kwa maelfu kwenye tope la kujaa kijiko. Viumbe hivyo vinakula mafuta. Kwetu dizeli ni sumu. Kwao ni ugali."

Darasa lilicheka. Apolonia hakucheka. Alikuwa anafikiria sufuria lililotoboka na ndoo ya Bibi Milembe. Akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na udongo wetu je? Bakteria wa namna hiyo hawawezi kuwapo kwenye bustani ya Bibi Milembe?"

Mwalimu Machibya alifunga gazeti.

"Nimesoma kwamba hata kwenye udongo wapo," alisema. "Lakini kama kwenye bustani ile wapo wa kutosha, na kama wataimaliza kazi kabla ya mvua, hilo silijui. Nikikwambia najua, nitakuwa nimekudanganya. Tuwaulize wenyewe."

"Tutawaulizaje?"

"Kwa makopo."

Wiki hiyo hiyo jaribio lilianza. Walipanga makopo manne ya rangi nyuma ya darasa, chini ya kivuli cha upenu. Kopo la kwanza lilitiwa udongo safi. La pili, udongo wenye dizeli kutoka bustanini, likaachwa hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na udongo wenye dizeli uliomwagiliwa maji na kugeuzwa kila baada ya siku moja, ili hewa iingie. La nne lilifanyiwa kama la tatu, ila lilichanganywa na samadi ya ng'ombe iliyoiva.

"Bakteria wanakula mafuta, sawa," Mwalimu Machibya aliwaeleza, "lakini mtu hali ugali bila mboga. Wanahitaji pia maji, hewa na virutubisho. Samadi ndiyo mboga yao. Baada ya wiki nane tutapanda choroko kumi katika kila kopo. Choroko zitatupa jibu."

Kila kopo lilipewa wanafunzi wawili wa kulitunza, na kila kopo likawa na daftari lake la jaribio: tarehe, maji, kugeuza, harufu. Kopo la nne, ambalo kila mtu alilitaka, lilipewa Apolonia na Jenipha kwa sababu swali lilikuwa la Apolonia.

Siku walipoanza makopo, walianza na bustani pia. Darasa zima lilibeba samadi kutoka mazizi ya majirani, likalima na kuchanganya. Bibi Milembe alisimama pembeni akishangaa.

"Mwalimu, unasema kuna wadudu humu wanaokula dizeli?"

"Nasema tunatafuta kujua, mayu."

"Basi na wale washibe," alisema Bibi Milembe, na watoto wakacheka.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Apolonia na Jenipha walifika mapema kuliko wenzao, wakageuza udongo kwa kijiti na kunusa kama wapishi. Waliandika kila kitu. Wiki ya nne Jenipha aliandika kwa herufi kubwa: HARUFU IMEPUNGUA KIDOGO. Apolonia alijisikia kama amewaona bakteria kwa macho yake, wakila na kutabasamu.

Kisha mambo yakabadilika. Shangazi yake Jenipha aliugua, na Jenipha akapelekwa Lamadi kumsaidia mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Likizo fupi ya mwezi wa tisa nayo ikafika. Shule ilifungwa, na Mwalimu Machibya akawaambia watunzaji wachukue makopo nyumbani pamoja na daftari zake.

"Wiki mbili tu," alisema. "Msiyasahau. Yasipopata maji, yote tuliyofanya yatasimama."

Apolonia alilibeba kopo kwa mikono miwili mpaka nyumbani, akaliweka chini ya kihenge. Siku ya pili ya likizo alikuja mama yake mdogo, Nancy, aliyekuwa akiishi Bariadi mjini na mwenye cherehani yake sokoni. Alitaka Apolonia akamsaidie mtoto wake mchanga. Mjini kulikuwa na taa za umeme na maandazi ya moto, na muziki uliopigwa kutwa nzima kwenye vibanda vya kanda. Apolonia alipanda gari bila hata kuangalia chini ya kihenge. Alilikumbuka kopo siku ya nne, akiwa anafua nepi. Akajiambia, "Mama atalimwagilia." Lakini hakuwa amemwambia mama chochote.

Aliporudi, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, alikwenda moja kwa moja kwenye kihenge. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka kama ukuta wa nyumba ya zamani. Alipouchimba kwa kijiti, kijiti kilivunjika. Alipounusa, harufu kali ya dizeli ilimpanda puani.

Alikaa chini, kopo mapajani. Alifikiria wenzake waliolitaka kopo hili. Alimfikiria Mwalimu Machibya akisema mbele ya darasa, "Apolonia ndiye aliyeuliza swali." Kesho wangepanda choroko, na za kwake zisingeota, na kila mtu angejua kwamba alikuwa mjini anakula maandazi.

Akaangalia huku na huku. Mama yake alikuwa ameenda kuchota maji. Apolonia alilibeba kopo mpaka nyuma ya ua wa minyaa, akaugonga udongo ukatoka kipande kizima, akaufunika kwa majani makavu. Kisha akachota udongo mzuri kwenye shimo la samadi, akalijaza kopo. Ulikuwa na harufu ya mvua na zizi. Hilo nalo likamtia hofu, maana haukunuka dizeli hata chembe. Akachukua koroboi, akadondosha matone mawili ya mafuta ya taa juu yake, akachanganya.

Kilichobaki ni daftari. Mistari ya wiki mbili ilikuwa mitupu. Apolonia akaijaza yote kwa kalamu moja, kwa mkupuo mmoja: maji, ndiyo, kugeuza, ndiyo, harufu, kidogo sana.

Jumatatu walipanda choroko. Ijumaa darasa zima lilizunguka makopo. Kwenye kopo la kwanza zote kumi zilikuwa zimeota. Kwenye la pili, hata moja. Kwenye la tatu zilichomoza mbili, dhaifu na zenye rangi ya njano. Kwenye kopo la nne, choroko tisa zilisimama wima, kijani kibichi.

Watoto walipiga makofi. Mwalimu Machibya alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Tisa!" alisema. "Sikutegemea tisa." Akamwita mwalimu mkuu aje kuona. Akatuma watu wakamwite Bibi Milembe.

Bibi Milembe alikuja akichechemea, akachuchumaa kwa taabu mbele ya kopo, akaigusa miche kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

"Na bustani yangu mliifanyia kama kopo hili?"

"Siku ile ile, samadi ile ile," alijibu Mwalimu Machibya. "Ingawa pengine ingefaa tungojee kidogo, tupande choroko bustanini kwanza..."

"Mwalimu, goti langu halina nguvu ya kungojea. Maji ya kunywesha yale makarai yananimaliza. Kama humu zimeota tisa, kesho narudisha marando yangu." Akamgeukia Apolonia. "Wabeja, mjukuu wangu. Asante sana."

Apolonia aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi asubuhi walikusanyika bustanini: Bibi Milembe, Mwalimu Machibya, wanafunzi kama kumi, na mama yake Apolonia, ambaye jina lake lilikuwa Anyesi. Waling'oa marando kutoka kwenye makarai mawili ya kwanza. Apolonia alipewa kazi ya kumpa Bibi Milembe rando moja moja, naye aliyalaza kwenye tuta na kuyafukia.

Jembe lilipozama chini kidogo, Apolonia aliisikia harufu ile. Ilikuwa ile ile ya chini ya kihenge.

"Bibi," alisema, "udongo bado unanuka."

"Harufu itaisha," Bibi Milembe alijibu bila kuinua uso. "Kopo lako nalo lilinuka kidogo, si ndiyo? Na zimeota."

Apolonia akatoa rando jingine, na jingine tena. Kila alipotaka kusema, alitazama nyuso zilizomzunguka, na maneno yakarudi ndani. Jua lilipokuwa kali walisimama. Nusu ya marando ilikuwa ardhini. Nusu iliyobaki, pamoja na yale ya kwenye tairi, wangeyapanda Jumatatu jioni baada ya masomo.

Jumapili kanisani Apolonia hakusikia neno la mahubiri. Mchana mama yake alimwekea ugali na mlenda, naye akaumega ugali na kuurudisha sahanini.

"Unaumwa?" Anyesi aliuliza.

"Siumwi."

"Basi kuna kitu. Tangu jana umekuwa kama mtu aliyeangusha kitu kisimani."

Machozi yakaanza kabla ya maneno. Apolonia alieleza yote, kuanzia kihenge mpaka koroboi na daftari. Mama yake alisikiliza hadi mwisho, mkono shavuni. Apolonia alitegemea kugombezwa. Anyesi alisimama tu, akajifunga khanga.

"Mimi umeniambia, lakini marando si yangu," alisema. "Twende kwa mwenyewe sasa hivi, kabla hujapata sababu ya kuchelewa. Nitakusindikiza. Kusema utasema mwenyewe."

Walimkuta Bibi Milembe uani, akitia maji kwenye tairi.

"Mwadila, mayu," Apolonia alisema, akipiga magoti.

"Mwadila. Mbona magoti mchana huu?"

Apolonia alisema. Alisema huku akitazama vidole vya miguu ya Bibi Milembe, vilivyopasuka kwa vumbi. Alipomaliza, Bibi Milembe aliacha kutia maji.

"Kwa hiyo zile tisa," Bibi Milembe alisema mwishowe, "ziliota kwenye samadi ya kwenu."

"Ndiyo, bibi."

"Na jana ulikuwa unanipa marando mkononi, huku unajua."

"Ndiyo, bibi."

Bibi Milembe aliweka ndoo chini. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha uchovu, na huo ulimuuma Apolonia kuliko kofi. "Haya marando si yangu peke yangu," alisema. "Mvua ikinyesha, nyumba kumi na tano zitakuja hapa. Ningewaambia nini?" Kisha akachukua karai tupu. "Inukeni. Tukayang'oe kabla hayajanywa zaidi."

Mpaka jua linazama walikuwa wamepiga magoti bustanini, watu watatu, wakifukua rando moja baada ya jingine, wakiyaosha kwa maji ya lambo na kuyarudisha kwenye makarai. Bibi Milembe hakumsemesha Apolonia hata mara moja. Siku chache baadaye theluthi moja ya yale yaliyong'olewa ilikauka kabisa. Mengine yalinyong'onyea, kisha yakaanza kunyanyua vichwa.

Jumatatu, kabla ya kengele, Apolonia alimfuata Mwalimu Machibya ofisini na daftari la jaribio. Alimweleza, akamwonyesha mistari ya uongo. Mwalimu alivua miwani, akairudia mistari ile mara mbili.

"Udongo wenyewe uliutupa wapi?" aliuliza.

Apolonia hakulitegemea swali hilo. "Nyuma ya minyaa, mwalimu. Nimeufunika kwa majani."

"Bado upo?"

"Upo."

"Nenda kaulete wote, mpaka chembe ya mwisho."

Udongo ulirudishwa kwenye kopo la nne mbele ya darasa zima. Apolonia alisimama ubaoni na kuwaambia wenzake alichofanya. Wapo walioguna, na mmoja akasema kwa sauti, "Na makofi tuliyompigia je?" Hilo lilimchoma.

Mwalimu Machibya aliwanyamazisha kwa mkono.

"Sikilizeni. Apolonia alidhani kopo lililokauka ni kopo lililoharibika, halina faida tena. Si kweli. Kopo lile lilikuwa na jibu. Lilikuwa linasema: mkitunyima maji na hewa wiki mbili, tunalala, hatuli tena. Hilo ni jambo kubwa! Tungelijua mapema, tungeenda bustanini na kuuliza nani alimwagilia wakati wa likizo. Nawauliza sasa. Nani alimwagilia?"

Hakuna aliyemwagilia. Shule ilikuwa imefungwa, na Bibi Milembe alikuwa na makarai yake ya kutosha.

"Mnaona? Tungeliona hilo tangu Jumatatu iliyopita, kama ukurasa ule ungekuwa mtupu. Na mimi nina kosa langu. Nilifurahi kupita kiasi, nikaacha kupima bustani yenyewe. Dizeli ilizama chini kuliko kina cha kopo. Nilipaswa kufikiri."

Akamrudishia Apolonia daftari. "Usiupasue ukurasa huu. Futa mistari kwa mstari mmoja, ili yaliyokuwapo yasomeke. Chini yake andika kweli. Halafu anza upya."

Apolonia aliandika: *Siku kumi na nne. Maji, hapana. Kugeuza, hapana. Sikuwapo. Nilibadilisha udongo.*

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alilitunza kopo la nne. Jioni alikwenda lamboni na ndoo, akapanda nayo mpaka kwa Bibi Milembe, mara nne, akanywesha makarai yote. Siku za kwanza Bibi Milembe alimwacha afanye bila neno, akichambua choroko zake kwenye ungo kana kwamba hakuna mtu. Apolonia alimaliza, akaaga, akaondoka. Wiki ya pili alikuta kigoda kimewekwa pale alipozoea kupumzikia. Wiki ya tatu juu ya kigoda palikuwa na sahani ya matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, vitamu kama sukari.

"Kula," Bibi Milembe alisema. "Ndoo nne si mchezo, najua."

Jenipha alirudi kutoka Lamadi mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, akasikia habari yote kabla hajafika nyumbani. Alimkuta Apolonia akigeuza udongo.

"Ningekuwapo usingefanya vile," alisema.

"Ungekuwapo ungenikataza," Apolonia alijibu. "Ila kutaka ningetaka vile vile."

Jenipha alichukua kijiti cha pili, akaanza kugeuza upande wake.

Bustani nayo ililimwa tena, safari hii kwa kina cha jembe zima. Darasa la sita waligawana zamu za kumwagilia, na zamu ziliandikwa kwa majina. Mvua zilipoanza, ziliwasaidia. Harufu ilipungua wiki hadi wiki, mpaka siku moja Jenipha alipoinua bonge la udongo, akalinusa, akasema kwamba lilinuka udongo tu.

Mwishoni mwa mwezi walipanda choroko kumi kwenye kopo la nne, na nyingine kumi kumi kwenye kila pembe ya bustani na katikati. Kwenye kopo ziliota saba. Bustanini, katikati na kwenye pembe tatu ziliota vizuri. Pembe ya chini, ambako dizeli ilituama, ziliota mbili tu. Apolonia aliandika yote, na mbili zile pia.

"Basi pembe ile tunaiacha kwanza," alisema Bibi Milembe, baada ya Apolonia kumsomea ukurasa wote. "Hapa kwingine tunapanda."

Marando yalipandwa wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, yakashika. Akina mama wa kitongoji walipata marando yao wakiwa wamechelewa mwezi mzima, na mafurushi yalikuwa madogo kuliko ya miaka mingine, lakini hakuna nyumba iliyokosa. Siku ya kugawa, Bibi Milembe alimkalisha Apolonia karibu naye, amshikie kamba za kufungia. Mama mmoja aliyekuwa akipokea furushi lake alinong'ona, lakini si kwa sauti ya chini ya kutosha: "Si ndiye huyu aliyedanganya?"

Apolonia aliinamisha kichwa. Bibi Milembe alimaliza kwanza kufunga fundo aliloanza.

"Ndiye," alisema. "Na ndiye aliyekuja kuniambia, wakati hakuna aliyekuwa anajua. Angenyamaza siku mbili tu, leo ungerudi kwako mikono mitupu, na mimi ningekuwa nailaumu dizeli." Akamgeukia Apolonia. "Kukosea ulikosea, na sitakwambia vingine. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ukisema mapema, sisi wakubwa tunaweza kutafuta njia. Ukificha, tunatembea gizani na wewe unatuongoza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Haya, nipe kamba. Watu wanangoja."